Jiwe Limebadili Njia

Kwa mara ya tatu binti alimkumbatia mama yake kiunoni, akamvuta. Kwa mara ya tatu mama akalegea, akarudi kitandani puu.

"Niache nife, mwanangu," mama alisema, huku amembana kifundo cha mkono kama pingu.

Miguu ya mama ilikufa ganzi miaka miwili iliyopita, wiki ileile binti alipopata kazi kwenye kiwanda cha kushona, mji wa pili. Kazi ikampita. Juzi ilikuja barua nyingine: aripoti leo kabla ya saa kumi, asipofika atachukuliwa mwingine. Aliikunja, akaendelea kufua mashuka.

Kaka yake, mlinzi wa kituo cha kutazamia nyota, alisimama mlangoni akihema. Mwezi mzima alikuwa akiwasimulia habari za lile jiwe la angani, na mama hakukubali kupitwa na neno. Mawe ya aina ile, kaka alisema, hayana njia ya kudumu. Kila yakipita karibu, dunia huyavuta kidogo, njia inapinda, na mahesabu yanaanza upya.

"Sasa limepinda kuja kwetu," kaka alisema. "Wataalamu wameshakimbia. Imebaki robo saa."

"Si ulisema litapita mbali?" mama aliuliza.

"Mimi nafunga geti tu, mama. Mbingu haina komeo."

Binti hakucheka. "Shika miguu, mimi nishike mabega."

"Mgongo wangu unaujua," kaka alisema. "Kaazime toroli kwa fundi mwashi."

"Mkiniacha sitawalaumu," mama alisema, lakini mkono hakuuachia. Kaka ndiye aliyevibandua vidole vyake, kimoja kimoja.

Binti akatoka mbio. Mtaani watu walikuwa wanaanika nguo, hawana habari. Hakusimama kuwaambia. Kwa fundi hakuomba hata ruhusa. Alimwaga mchanga chini, akalisukuma toroli hadi nyumbani huku machozi yanamtoka.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kule mbali, ng'ambo ya uwanja wa mpira, mama alikuwa amepandisha gauni juu ya magoti, anaruka mtaro.

Kaka alikuwa ameketi kitandani, anafunga zipu ya begi la mdogo wake.

"Jiwe lilishapita tangu Jumanne," alisema. "Basi lako linaondoka saa tano."