Kanuni ya Mwalimu Kicheche

Kicheche alitangaza kwamba ameacha kula kuku, sasa ni mwalimu wa hesabu. Kuku wakampelekea vifaranga wao. Wenyewe hesabu hawakuijua. Walichojua ni kwamba shule nzuri husikika mpaka nje, basi kutwa walikaa mlangoni wakisikiliza.

"Mbili inakwenda na nne, tatu inakwenda na tano," alifundisha Kicheche. "Na nne je?"

"Sita!" waliitika vifaranga, na huko nje mama zao wakachekelea.

Kifaranga asiyeonekana jioni, Kicheche alisema amepandishwa darasa, na mama yake akapiga vigelegele.

Kifaranga mmoja, Kidoti, ndiye peke yake hakupenda kuitikia. Alipenda kutazama. Siku moja akanyoosha bawa.

"Mwalimu, nimeona kanuni nyingine. Juzi tuliingia tisa, tukatoka wanane. Jana tuliingia wanane, tukatoka saba. Leo tumeingia saba."

Darasa likanyamaza.

"Mbona kimya?" kuku mmoja akauliza nje. "Leo hawasomi?"

Kicheche akamsogelea Kidoti taratibu. "Kanuni inasemaje, mwanangu?"

"Punguza moja."

"Sawasawa kabisa! Mshangilieni mwenzenu, mpaka wazazi wasikie!"

Vifaranga wakapiga mabawa na kupaza sauti, na kelele zao zikafunika mlio mmoja mdogo.

"Huyo anayeshangiliwa ni wangu," mama yake Kidoti aliwaambia wenzake.

Jioni walitoka sita. Vigelegele vya mama yake Kidoti vilisikika mpaka ng'ambo ya shamba.