Makopo Matano ya Raya

Raya alipopofuka, wifi yake Mkasi alikuja na begi tupu kumchukua Siwema, binti wa Raya wa miaka mitano, akamlee kwake. Alikuta matofali ya plastiki ya kuchezea yametapakaa sebule nzima.

"Wifi, hata haya yamekushinda kuyaokota. Mtoto utamlea vipi?"

 Raya alipiga magoti, akapapasa sakafu kutoka ukutani hadi mlangoni, akayarundika yote mkekani. Kisha akaleta makopo matano matupu ya maziwa ya unga, akayachambua matofali kwa ncha za vidole: yenye vinundu viwili kopo hili, yenye vinne lile, yenye vinane la tatu. Magurudumu na madirisha yakapata ya kwao.

"Mama, nataka dirisha," Siwema alisema.

Mkono wa Raya ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo la mwisho, ukatoka na dirisha.

"Taja lingine!" Raya alicheka, kifua kimemjaa. "Taja lolote!"

Mtoto akataja, mama akatoa, nyumba ikainuka mkekani. Raya akasikia begi likitua chini, kochi likisogezwa.

"Na hili, wifi," Mkasi aliuliza taratibu, "linakaa kopo gani?"

Raya akakinga kiganja.