Lugha ya Kumi na Nne

Maneno manne alikuwa nayo. La tano lilikataa kuja.

Mgeni alikuwa amejifungia chooni, mgongo ameuegemeza mlangoni, anayaonja mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Selu. Vendi. Iyo. Keremi. Yalisikika kama maneno ya watu. Lakini salamu ya maneno manne ni fupi mno. Salamu za wenzake zilikuwa ndefu, za kupanda na kushuka, salamu za watu wenye mababu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Redio, binti waliyembandika jina hilo kwa sababu akishawaka hazimiki. Alitaka kujua kama leo watasikia sauti, au Mgeni atawatumia barua.

"Mwambie Kocha nakuja."

"Haya. Ila mgeni rasmi ameshafika. Kwa hiyo wewe leo ndiye mgeni usiye rasmi."

Mgeni alicheka kidogo, peke yake, huku nyuma ya mlango.

Jina lenyewe, Mgeni, lilitoka hospitalini. Mama yake aliletwa mahututi, mtoto mgongoni. Akazungumza siku tatu na hakuna mtu wodini aliyeelewa hata neno. Siku ya nne akanyamaza moja kwa moja. Kwenye kadi wakaandika: mtoto wa mgeni. Nesi wa zamu ndiye aliyemchukua akamlea, na alimlea vizuri, ila zamu ni zamu. Mtoto akiamka nesi analala, mtoto akirudi kutoka shule nesi ndipo anatoka. Ilikuwa nyumba ya watu wawili wanaopishana mlangoni.

Miaka mitatu iliyopita alikwenda kituoni kwa Kocha, mwalimu mstaafu wa michezo aliyewakusanya vijana wa kila jamii pale mjini wacheze mpira badala ya kurushiana mawe. Kocha alimpa fomu. Jina akajaza, umri akajaza, shule akajaza. Lugha ya mama. Hapo kalamu ikagoma. Wenzake walikuwa wanachungulia begani. Akaona aibu kuacha wazi, akaandika Kisolumi. Lugha hiyo haikuwepo duniani mpaka dakika ile.

Kocha alifurahi mpaka akampa mkono. Sasa, alisema, tumefika lugha kumi na nne.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imekwenda miaka mitatu na leo imefika ukutani. Baraza la mji lilikuwa linakipa kituo ngao ya shukrani, na idadi ilishachongwa kwenye shaba: jamii kumi na nne, nyumba moja. Mgeni rasmi alikuwa ametaka kila jamii isimamishe kijana mmoja asalimu kwa lugha ya kwao. Zikionekana kumi na tatu, Kocha ataitwa mwongo mbele za watu. Na yeye atarudi kuwa mtoto wa kadi.

Lua, akaamua. La tano liwe lua. Akanawa uso, akatoka.

Mgeni rasmi alikuwa bibi mwembamba, nywele nyeupe tupu, daftari mapajani. Kila aliyesalimu alimsikiliza ameinamisha kichwa, kisha akamuuliza maana yake nini, kisha akaandika. Mgeni maneno alikuwa ameyatafuta. Maana hakuwa ameifikiria kabisa.

Redio alisalimu kwa kelele, akashangiliwa. Wakaja wengine. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kocha akamwita kwa fahari, kama baba anayemtoa binti yake kwa wageni.

Alisimama.

"Selu vendi iyo keremi lua."

Bibi hakuuliza chochote. Aliweka kalamu chini, akashika ukingo wa meza, akainuka. Kisha akajibu. Hakujibu neno moja, alijibu kwa kirefu, polepole, mkono kifuani, sauti inapanda na kushuka, na mwishoni akalirudia lile neno, lua, kwa upole kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kocha alivua miwani akawa anaifuta, anaifuta tu.

Mgeni hakusikia makofi. Nani alimfundisha yale maneno? Hakuna. Basi labda siku zile tatu wodini, akiwa kwenye ubavu wa mama yake, yalimwingia sikioni yakalala humo. Labda hakuyatunga. Labda aliyakumbuka. Kama ni hivyo, basi iko sehemu yenye watu wanaosema hivi wakikutana njiani. Ana kwao.

Chai hakuigusa. Ngao ilikabidhiwa, picha zikapigwa, yeye macho yake kwa bibi tu. Alimfuata mpaka kwenye maegesho, dereva akiwa ameshafungua mlango wa gari. Kwa mara ya kwanza maishani hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo bibi. Samahani. Naomba uniambie, kule ndani ulinijibu nini?"

Bibi alimwashiria dereva asogee kidogo. Akamshika Mgeni mkono kwa mikono yote miwili.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Na mimi nilikuwa natunga, maana na mimi sina lugha ya mama. Ila miaka sabini hii, wewe ndiye wa kwanza kunisalimia kwa lugha yetu."