Sidii ya Bure

Eliasi aliwasha kompyuta, mke wake akatoweka.

Si mke tu. Na yeye mwenyewe alitoweka, pamoja na suti yake na tabasamu la meno yote. Picha ile ya harusi ndiyo iliyokuwa ikitokea kwanza kila kompyuta ya Grasiana ilipowaka. Sasa skrini nzima ilikuwa ya kahawia, kama barabara ya Handeni wakati wa kiangazi, na vineno vya Kiingereza pembeni.

"Mama yangu wee!" alisema Eliasi, mikono kichwani.

Alitafuta picha nyingine za harusi, hakuna. Akatafuta kadi za michango na za kipaimara ambazo Grasiana huwachapia watu wa Masuguru na nusu ya Korogwe, hakuna. Akazima, akawasha. Kompyuta ikanguruma tumboni, ikakoroma kidogo, ikaleta kahawia ileile.

Yote haya kwa sababu ya sidii ya bure. Ilikuja kwa posta kutoka ng'ambo, na ndani yake mlikuwa na mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta. Mfumo huria, wanasema: hauuzwi, na yeyote ana ruhusa ya kuufungua, kuukoroga na kuushona upya atakavyo. Ruhusa ya kufungua! Mtu kama Eliasi ukimwambia hivyo unategemea nini? Huyu ndiye aliyefungua redio ya mkwewe, pasi ya nyumbani na saa ya ukutani ya kanisa, na vyote hadi leo vimo kwenye ndoo. Sidii ilikuja na karatasi ya maelezo. Alisoma nusu, akaona inatosha, akaisukuma sidii ndani ya kompyuta.

Tatizo, Grasiana alishasema. Alisema siku ya pasi, mbele ya majirani: "Eliasi, ukiigusa kompyuta yangu, siku hiyohiyo narudi kwetu Lushoto, na usinifuate." Na Grasiana akisema, amesema. Sasa alikuwa huko huko Lushoto kwenye harusi ya binamu yake, na kesho yake angerudi.

Kwa fundi hakwendeki. Fundi wa kompyuta mtaani ni Simeo, kaka yake Grasiana, na mdomo wa Simeo haujui kufungwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Eliasi alijisemea. Kama picha zimekufa, basi na kompyuta ife, ila kwa mkono wa mwingine. Akavitia vyote kwenye gunia, akapanda gari hadi Kabuku, ambako hakuna anayemjua. Kando ya barabara alimpata mfugaji wa Kang'ata, Mzee Kuntai, anatoka mnadani.

"Inawaka hii?" mzee aliuliza.

"Inawaka, mzee wangu. Nauza tu kwa sababu nina mgonjwa nyumbani."

Mzee alitaja bei ya kuanzia. Eliasi akaikubali palepale, mpaka mzee akamtazama mara mbili.

Aliporudi alivunja kufuli la mlango wake mwenyewe, akajizungushia bandeji kichwani na usoni mpaka likabaki jicho moja, akalala sakafuni kumngojea mkewe.

Wezi walikuwa wawili. Majirani walipokuja kutoa pole, wakawa watano, na mmoja alikuwa na panga.

Grasiana alilia sana, kisha akajifuta machozi. "Bora uzima, mume wangu. Picha ni karatasi tu. Mwenye picha ninaye." Akamchinjia jogoo, akamnywesha supu kwa kijiko. Tangu waoane Eliasi hakuwahi kupendwa hivyo. Moyo ulimsuta kweli, lakini supu nayo ilikuwa nzuri.

"Nikubadilishie bandeji?"

"Acha kwanza. Kidonda bado kibichi."

Alhamisi asubuhi mtu alipiga hodi. Alikuwa Mzee Kuntai, gunia begani. Supu ikampalia Eliasi.

"Shikamoo mzee," Grasiana alisema.

"Marahaba, mama. Wewe ndiye Grasiana wa kadi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimekuletea mali yako. Niliuziwa Kabuku. Bei ilikuwa ndogo, nikadhani Mungu amenikumbuka, kumbe nauziwa wizi; hapo nje majirani wameniambia mliibiwa. Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama. Nikikaa na cha wizi ndani, na wangu wataibwa."

Grasiana alipiga vigelegele. Mzee akamgeukia Eliasi, akalitazama lile jicho moja.

"Ndio waliokufanya hivi? Pole sana, mwanangu. Dunia imeharibika."

"Asante, mzee," Eliasi alijibu kwa kisauti chembamba ambacho hata yeye hakukijua. Hakutambuliwa! Akashusha pumzi. Kompyuta imerudi tupu, na lawama yote ni ya wezi.

"Lakini vitu vyangu watakuwa wameshafuta," Grasiana alisikitika.

"Hakuna kilichofutwa. Binti yangu Resian, anayesoma Handeni mjini, aliikuta hii imesahauliwa tumboni mwake." Mzee alitoa sidii kwenye mkunjo wa shuka. "Anasema ikiwa mle, kompyuta inaendeshwa nayo na vyako vinajificha tu; alipoitoa akawasha tena, kila kitu kikatokea. Ndiyo tukaona kadi zenye jina lako na la mtaa wenu."

Grasiana alichomeka waya, akabonyeza. Safari hii kompyuta haikukoroma. Ikatoka shela, yakatoka maua, ikatoka suti. Eliasi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mzee Kuntai aliinama, akaweka kidole kwenye skrini.

"Aliyeniuzia ndiye huyu hapa, mama, aliyekushika mkono. Siku hizi anakaa wapi?"

Grasiana alikuwa ameshaanza kuifungua bandeji.