Baridi ya Chini ya Sitini

Siku hizi kiti cha gari kinamtambua anayekikalia, na aliyetimiza miaka sitini kiyoyozi hakimpulizii baridi. Baridi ni ya wanaofanya kazi. Ndiyo maana kila Januari mosi gereji yangu hapa Dodoma hufurika: wasiojua siku waliyozaliwa waliandikiwa wote tarehe hiyo.

Mimi sibahatishi. Kufikia saa nne asubuhi nilishakagua magari kumi, la mwisho la jirani yangu Mama Tunu. Gesi imejaa, kompresa inazunguka, feni inavuma.

"Gari lako ni zima, Mama Tunu," nilimwambia. "Ni umri tu. Utazoea."

"Jana lilikuwa linapuliza, Fundi Msafiri," alisema, akijipepea kwa ncha ya kanga. "Hebu kaa wewe tuone."

Nikaketi kwenye kiti chake, nikawasha. Baridi ikanigusa usoni mara moja, halafu matundu yakajifunga.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwani wewe ulizaliwa lini, kaka?"

Nikashuka, nikafungua boneti, nikachukua geji.

"Gesi itakuwa imepungua," nikasema.