Rukmi Alizaliwa Saa Ngapi?

"Ishirini na saba," alisema Mbah Wongso, mzee wa kupiga hesabu za ndoa, akafunga kitabu chake. "Hesabu ya kuachana."

Pangestu aliutazama mkono wa mchumba wake Rukmi kando ya wake. Baba yake Pangestu, Pak Sadiman, aliwasha sigara ya karafuu kama hakimu aliyemaliza kesi.

Kijijini hapo haoi mtu kabla Mbah Wongso hajajumlisha namba za siku walizozaliwa wachumba. Pangestu alizaliwa Jumamosi, Rukmi Jumapili, na hiyo Jumapili ndiyo iliyotia mchanga kwenye pilau.

"Lakini Mbah," Rukmi akasema, "mimi nilizaliwa magharibi. Jua likishazama, si Jumatatu hiyo?"

Mzee akafungua kitabu tena, akahesabu kwa vidole. "Jumatatu inakuwa thelathini. Hapo mnazeeka pamoja."

"Lilizama au halikuzama?" Pak Sadiman akauliza.

Mama yake Rukmi alifariki akimzaa, kwa hiyo akaitwa mkunga. Bibi wa watu akajikuna kichwa.

"Mtoto alilia, na ngoma ya msikiti ya kuita magharibi ikalia. Nani alitangulia, sijui. Ningechungulia dirishani, nani angemdaka?"

"Basi hakuna anayejua," Rukmi akasema, akitabasamu. "Tuoane, tuone."

"Mwanangu haoi kwa kubahatisha," Pak Sadiman akafoka. "Mimi na mama yake tuna miaka thelathini na moja ya ndoa, hatujarushiana hata kijiko. Unadhani bahati ile? Hesabu! Ilipigwa hapa hapa, ikatimia."

"Ilitimia kabisa," akadakia mkewe, Bu Lasiyem, macho kwenye chai.

Pangestu alitoka nje machozi yakimlenga. Alishaapa kwamba asipompata Rukmi hataoa kamwe, na mama yake alijua mtoto huyo haapi ovyo. Mbah Wongso aliwapa mpaka kesho kutafuta shahidi mwingine.

Asubuhi Pak Sadiman aliaga kwamba anakwenda kufungulia mpunga maji. Alipotokomea tu, Bu Lasiyem alifunga muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, akapita vichochoroni hadi kwa Mbah Wongso. Alimkuta mzee peke yake, akiupunga moshi kwa kitabu na kukohoa. Chumba kizima kilinuka karafuu.

"Mbah, mwandike Rukmi kwamba alizaliwa jua limeshazama," alinong'ona. "Kama ulivyoniandika mimi mwaka wa ndoa yetu. Ila nakuomba, mume wangu asijue."

Mzee akaupokea muhogo, akauma kipande, akatafuna bila haraka.

"Nimeshamwandika, mwanangu. Mumeo katoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Naye kasema hivyo hivyo: 'Kama ulivyoniandika mimi mwaka wa ndoa yetu. Ila nakuomba, mke wangu asijue.'"