Kiini Kinachong'aa

Beseni lilipoanguka uani, Bonaventura alipaza sauti.

"Kwa hiyo, Bi Hasna, hiki cheupe hapa katikati ni kiini cha galaksi. Kinang'aa kupita kiasi."

Bi Hasna, mwenye nyumba, hakugeuka. Alizidi kuinamia ile picha ya eksirei iliyopigwa na setilaiti, kitu pekee cha kazi yake ambacho Bonaventura, mwalimu wa fizikia, alikimbia nacho kutoka Bujumbura.

"Na huku pembeni mbona giza?" aliuliza, naye kwa sauti kubwa.

"Si giza. Kuna galaksi nyingine mamia, kundi zima, na gesi ya moto imelizunguka. Ila mng'ao wa kiini unalifunika. Darubini inaona kitu kimoja tu, kundi linapita hivi hivi."

"Ajabu. Endelea, Mwalimu. Usiharakishe."

Bonaventura alimshukuru Mungu kwa kumpa mwenye nyumba anayependa elimu. Yeye alikuwa na kibali cha kufundisha Ujiji. Mama yake, mkewe na watoto watatu hawakuwa nacho, na mwaka ule mkimbizi aliyekutwa mjini bila kibali alipakiwa lori hadi kambini. Isitoshe, chumba alikipanga kwa sharti la kukaa peke yake. Ndiyo maana kila jioni alimweka Bi Hasna barazani, uso barabarani, akamsomesha mambo ya anga mpaka wale watano wamalize kuoga uani na kurudi chumbani.

Siku hiyo alikuwa amefikia jinsi wataalamu wanavyouondoa mng'ao wa kiini ili kundi lionekane, uani kukapigwa ukelele.

"Inzoka!"

Alikuwa mama yake. Sauti nyingine ikadakia, "Nyoka! Nyoka!"

Miguu ikaja mbio ukumbini. Mlango ukabamizwa, watu wakamwagika barazani, wengine na povu kichwani.

Bonaventura alifumba macho. "Nisamehe, Bi Hasna. Hawa ni wangu."

Alipofumbua macho, baraza lilikuwa limejaa watu wanaohema. Akawahesabu, akarudia. Kumi na wawili.

"Chagua walio wako, Mwalimu," alinong'ona Bi Hasna, "waliobaki ni wangu, wakimbizi wa Uvira. Ulidhani mimi nina hamu gani na galaksi?"